Senti tano juu ya bastola

Kuna utani ambao kila Mpare aliyewahi kuishi Dar es Salaam ameshaambiwa walau mara mia. Eti kwa Wapare samaki mmoja analisha familia mwezi mzima: ananing'inizwa juu ya meza, watu wanamega tonge, wanamtazama, wanameza. Atakayemtazama mara mbili kwa tonge moja anachapwa kwa ulafi. Watani zetu Wachagga wanaupenda sana utani huu. Mimi nimeshazoea, siku hizi nacheka kabla hawajamaliza. Lakini naomba mumweke huyo samaki akilini, maana ndiye njia rahisi kuliko zote ya kuwaeleza anachofanya baba yangu mdogo kila usiku kule Vudee baada ya taarifa ya habari.

Anafyatua bastola isiyo na risasi.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Redio inazimwa, vyombo vinaondolewa mezani, bamdogo anakwenda chumbani na kurudi na bastola ya milimita 9. Anatoa magazini, anavuta ile sehemu ya juu nyuma, anachungulia ndani, anaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha kwa kugusa kile ambacho jicho limeshakiona. Anarudia tena yote hayo kana kwamba mara ya kwanza haikuwepo. Halafu anasimama kuutazama ukuta wa upande wa mlimani, ambao una kalenda ya kanisa, na nyuma yake ni udongo mtupu kwa sababu nyumba imechimbiwa kwenye mteremko. Anavuta nyundo kwa dole gumba, analenga, anabonyeza polepole mpaka inalia: tak. Anavuta tena nyundo. Tak. Mara hamsini. Kisha anaifuta kwa kitambaa, anaifungia, anasali, analala.

Mimi nimekulia Dar. Nyumbani kwa bamdogo nilikuwa nakwenda Krismasi moja moja, na nikiwa mdogo tulikuwa tunafukuzwa kwenda kulala kabla ya shughuli hiyo, kwa hiyo sauti ile naijua zaidi kwa kupitia ukuta. Desemba iliyopita nilikwenda kwa wiki mbili nzima, nikakaa sebuleni kama mtu mzima, nikaona. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza watu maswali, nikauliza.

Kwa wale wasioijua, Vudee ni kata ya wilaya ya Same, upande wa milima ya Upare ya Kusini unaotazama magharibi. Ukiwa kwenye basi la kwenda Arusha, ukifika Makanya tazama kulia kwako, juu, nyuma ya Bangalala: huko. Usiku ukisimama uwanjani kwa bamdogo unaona taa za malori zikitambaa kule tambarare kwenye barabara kuu, na husikii chochote. Wakulima wa huko wanamwagilia kwa ndiva, yale mabwawa madogo ambayo wazee wetu waliyachimba zamani. Yanajazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Watafiti kutoka Ulaya wamekuja kuandika juu ya ndiva ya Manoo. Juu ya zamu za maji watu wa kwetu wameshapelekana mahakamani vya kutosha, na hapo ndipo unapotokea ule utani mwingine, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huo siukatai.

Sasa, mzee wa mlimani amepataje bastola? Bamdogo alikuwa mfanyabiashara wa jasi, ile inayochimbwa Makanya na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji. Biashara ya jasi miaka ile ilikuwa biashara ya noti. Unawalipa vibarua kwa noti, unamlipa dereva kwa noti, na unapanda mlimani jioni na mfuko wa Rambo kifuani. Mwaka 2006 alisimamishwa njiani na watu watatu, wawili wenye panga na mmoja mwenye gobore. Hawakumuua. Walichukua hela za mishahara ya wiki mbili, na ilimbidi auze shamba kuwalipa vibarua. Mwaka uliofuata akapata leseni.

Kupata leseni ya silaha nchi hii si kama kununua simu. Hata chini ya ile sheria ya zamani ya 1991 aliyoombea yeye, ulianza kwa serikali ya kijiji, ukapanda kwa kamati za ulinzi na usalama ngazi kwa ngazi, kila mmoja akiuliza una sababu gani, una ugomvi na nani, unakunywa kiasi gani. Sheria mpya ya udhibiti wa silaha na risasi ilipopitishwa 2015, ikaongeza kwamba mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe na cheti kinachoonyesha anajua kuishika silaha. Mwaka 2016 wenye silaha wote wakaitwa kuzihakiki. Bamdogo alikwenda Same na karatasi zake zote ndani ya faili la plastiki, akapanga foleni, akarudi akilalamika kwamba wenzake wengi kwenye foleni ile walikuwa wanashika bastola kama wanashika mwiko.

Hilo ndilo linalomuudhi kuliko yote. Anasema mtu anahangaika mwaka mzima kutafuta leseni, ananunua bastola kwa mamilioni, anaitupa kabatini, na hajaifyatua hata mara tano maishani. Siku ya shida ndiyo anakumbuka hajui vizuri upande upi ni wa usalama. Ukimwambia afanye mazoezi, atakwambia risasi ni ghali, zinanunuliwa kwa idhini, na uwanja wa kulenga shabaha uko wapi Same? Kwa hiyo bamdogo akafanya kama wale Wapare wa kwenye utani. Samaki yuko juu ya meza, ugali unaliwa.

Nilidhani ni ubunifu wake mwenyewe, kumbe dunia nzima ya watu wa shabaha inafanya hivyo. Hata wachezaji wa Olimpiki wanafyatua silaha tupu mara nyingi katika mazoezi yao. Mnamkumbuka yule Mturuki wa Paris 2024, Yusuf Dikeç, aliyelenga mkono mmoja mfukoni, miwani yake ya kawaida usoni, akaondoka na medali ya fedha na mwenzake wa kike? Picha yake ilifika mpaka Vudee kwa WhatsApp. Bamdogo aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu senti yake haianguki."

Senti nitaieleza sasa hivi. Kwanza sababu.

Ukifyatua bastola yenye risasi kuna kishindo na kuna mtupo, na mwili hauvipendi. Mwili una akili yake, haukuulizi. Ukishajua kwamba kishindo kinakuja, mkono unajikaza nusu sekunde kabla, mdomo wa bastola unainama, na risasi inakwenda chini ya pale ulipolenga. Mtu mwenyewe haoni, kwa sababu kishindo kinafunika kosa. Bastola tupu haina cha kulifunikia. Ile tak ikilia, unaona waziwazi kama mkono ulitulia au ulichezea. Basi unarudia mpaka kidole kijifunze kubonyeza bila kuuambia mkono. Kuna silaha ambazo hazifai kwa mchezo huu, hasa zile ndogo ambazo pini hugonga ukingo wa risasi. Ukifyatua tupu, pini inagonga chuma na kuharibu. Lakini bastola nyingi za kisasa kama ya bamdogo haziumii. (Kufyatua, kwa njia, ni kitenzi chenye kazi nyingi mno. Tunafyatua matofali, tunafyatua mitego, na watani wanasema tunafyatua watoto.)

Haya, senti. Bamdogo ana senti tano ya zamani, ile ya shaba yenye samaki. Anaiweka juu ya bastola, nyuma kidogo ya kile kinundu cha mbele cha kulengea, halafu ndipo anabonyeza. Ikibaki juu, umebonyeza vizuri. Ikianguka, umevuta. Usiku mzuri haianguki kabisa, na baada ya mara hamsini anaipiga busu na kuirudisha mfukoni. Nilipomtajia utani wa samaki na Wapare na nikamwonyesha samaki aliyeko kwenye senti, alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa hajawahi kuunganisha.

Senti ile anayo tangu mgambo. Alifundishwa mgambo hapo Same mwaka 1977, akiwa na miaka 19, na wiki za mwanzo walifundishwa kwa bunduki za mti. Za kuchonga. Unaibeba, unalala nayo, unapiga nayo paredi, na ukiiangusha adhabu ni ileile ya bunduki ya chuma. Baadaye zikaja za kweli, bila risasi, na mkufunzi akawa anapita akiweka senti juu ya mtutu wa kila mmoja. Senti yako ikianguka unaruka kichura kuzunguka uwanja. Novemba 1978 Idi Amin alipokuwa ameshaingia Kagera, mgambo wakaitwa, na vijana wa mlimani wakapanda magari. Vita vyenyewe hajanisimulia. Nimejaribu mara nne, kwa mbinu zote za kazi yangu, ikiwemo kunyamaza na kusubiri. Mazoezi amenisimulia yote, siku kwa siku, mpaka jina la utani la mkufunzi. Akifika kwenye daraja la Kyaka anauliza kama chai imebaki.

Usiku wa tatu nilimwomba nijaribu.

"Leseni ina jina la nani, mama?" (Ananiita mama kwa sababu nina jina la bibi.)

"La kwako, bamdogo."

"Basi."

Akaenda jikoni, akarudi na mwiko wa kusongea ugali, akaniwekea senti kwenye ubapa wake, akasema nibonyeze hewa kwa kidole cha shahada bila senti kuanguka. Ilianguka mara kumi na moja. Cheka, lakini jaribu mwenyewe usiku huu.

Sasa kuna jambo la pili kuhusu shughuli ile, na kwangu ndilo kubwa. Bastola haitoki chumbani mpaka risasi zihesabiwe. Ziko kumi na mbili, zimefungwa kwenye kipande cha kanga ndani ya kisanduku cha chuma, chumba kingine kabisa. Kila usiku bamdogo anakileta kisanduku mezani, anakifungua, na mamdogo anahesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na mbili, akizigusa. Kisha zinafungwa, zinarudishwa, mlango wa chumba kile unafungwa kwa ufunguo, ndipo bastola inakuja. Wamefanya hivyo tangu 2007. Mamdogo hapendi bastola, hajawahi kuigusa, lakini anasema kama ni lazima iwepo basi yeye ni shahidi.

Nawaheshimu sana kwa hilo, na nasema hivyo nikiwa mtu ambaye nimeandika habari za mahakamani miaka kadhaa. Sentensi niliyoisikia kizimbani mara nyingi zaidi kwenye kesi za silaha ni moja: nilidhani haina risasi. Na hata pale ambapo mtu anajua ina risasi, silaha ikiwa karibu na hasira, mambo hayachukui muda. Wenzangu wenye umri kidogo mtakumbuka Novemba 2006, Kawe, pale aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Tabora, Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, aliposhtakiwa kwa kumpiga risasi dereva wa daladala barabarani. Shtaka lilianza kama la mauaji, likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, naye akafariki 2008 kabla ya hukumu. Nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni watu wazima kwenye daladala wakishusha sauti kila gari dogo lilipotuchomekea.

Mjukuu wa bamdogo, mtoto wa kaka yangu wa Arusha, ana miaka saba. Likizo yote yuko Vudee. Watoto wa siku hizi hawafukuzwi kwenda kulala, ni sheria mpya ambayo sijui nani aliipitisha, kwa hiyo jioni yuko hapo kwenye mkeka anatazama. Siku moja baada ya Krismasi nilimkuta uani na rimoti ya televisheni. Aliishika kwa mikono miwili, miguu imeachana kidogo, kidole kimenyooka ubavuni, hakiingii mahali pa kubonyezea mpaka ameshalenga. Juu ya rimoti ameweka kizibo cha soda. Akamlenga jogoo, akabonyeza. "Tak," akasema. Kizibo hakikuanguka. Kwa ustadi ule, kama ningekuwa mwalimu wa shabaha ningemchukua siku hiyohiyo.

Bamdogo alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona usoni: amefurahi. Mamdogo alikuwa amesimama nyuma yake. Aliingia jikoni na hakusema kitu, na kwa mamdogo kunyamaza si kawaida.

Nikakaa na mtoto chini ya mparachichi. Nikamuuliza kama rafiki, "Hivi siku ukiikuta bastola ya babu mezani, na babu hayupo, utafanyaje?" Nilitegemea aseme atamwita babu, au bibi, au atakimbia. Akafikiri kidogo.

"Naikagua kwanza, shangazi."

"Unaikaguaje?"

Akanionyesha kwa rimoti. Akatoa magazini ya hewa. Akavuta sehemu ya juu ya hewa. Akachungulia. Akaingiza kidole cha mwisho. Akarudia mara mbili, kama babu yake. Hakukosea hata hatua moja, isipokuwa kwamba wakati anavuta, mdomo wa rimoti ulikuwa unaelekea tumboni kwangu.

Sikumwambia mtu siku ile. Nilitaka kwanza nifikirie namna ya kulisema kwa mzee ambaye amefanya kila kitu sawa kuliko wenye bastola wote ninaowajua.

Usiku wa tarehe 27 kaka alikuwa amefika kutoka Arusha. Tulikula makande, taarifa ya habari ikaisha, kisanduku kikaja mezani. Mamdogo akahesabu.

"Kumi na moja," akasema.

"Rudia."

Akarudia, akiziweka upande mmoja moja baada ya nyingine. Kumi na moja. Bamdogo akahesabu mwenyewe. Kumi na moja. Kaka akaacha simu yake.

Sijawahi kuona mzee wa miaka 67 akienda chumbani kwa kasi ile. Alirudi na bastola, mdomo ukiangalia ukuta wa mlimani, akatoa magazini, akavuta, akachungulia, akaingiza kidole. Tupu. Akampa kaka achungulie bila kuigusa. Tupu. Magazini tupu. Akaifungia, akarudi, na ndipo wote wanne tukageuka kumtazama mtoto kwenye mkeka.

Aliapa kwa majina yote anayoyajua. Alilia. Kaka alimpekua mifuko, akapekua begi lake la shule, nikapekua kitanda chake, tukapekua chini ya makochi, tukafungua mpaka debe la unga. Nilikuwa nimeshika tochi ya simu na mkono unatetemeka, na akilini nina sauti moja tu ya mtoto anasema naikagua kwanza. Nusu saa ile ilikuwa ndefu.

Mamdogo ndiye aliyeipata. Alikaa kimya mezani, akachukua kile kipande cha kanga, akapitisha vidole kwenye pindo kutoka kona hadi kona kama anayetafuta chawa, akasimama. Uzi wa pindo ulikuwa umefumuka, risasi imeteleza ndani. Akaisukuma ikatoka. "Kumi na mbili," akasema, akakunja kanga.

Hakuna aliyecheka. Bamdogo akafunga kila kitu, akawasha redio tena, akakaa kusikiliza kipindi cha muziki wa zamani ambacho hakipendi. Usiku ule bastola haikufyatuliwa.

Asubuhi kukawa na kikao barazani, chai ya tangawizi na mihogo. Kikao cha Wapare ni kesi, hata kama ni cha watu wanne. Kaka ndiye aliyekuwa mlalamikaji: silaha irudishwe polisi, mwisho wa maneno. Bamdogo akajitetea vizuri kuliko mawakili wengine ninaowaandika. Alisema, mmeona wenyewe utaratibu umefanya kazi. Risasi moja imepotea kwa saa ishirini na nne tu, tukajua usiku uleule, tukaitafuta, tukaipata, na wakati wote bastola ilikuwa tupu na imefungiwa. Je, kwa wale wasiohesabu wangejua lini? Nilikaa nikitafuta tundu kwenye hoja hiyo, na mpaka leo sijalipata.

Mamdogo akaja kwa upande mwingine. Akauliza mwizi yupi atapanda mlima kuja Vudee kufuata hela. Hela ziko wapi? Jasi ameacha. Hata vibarua wa shamba wanalipwa kwa simu. Na kweli, M-Pesa iliingia nchini 2008, mwaka mmoja baada ya bamdogo kupata leseni. Ile shida iliyompeleka kwenye kamati zote zile ilianza kuyeyuka kabla hata bastola haijachakaa. Bamdogo akasema tembo wa Mkomazi. Hata yeye alijua ni hoja dhaifu. Tembo hawapandi Vudee, na bastola ya milimita 9 kwa tembo ni matusi.

Ndipo nikasema la mtoto. Nililisema kama lilivyokuwa, bila kuongeza: nilichomuuliza, alichojibu, alivyonionyesha hatua zote, na mdomo wa rimoti ulikoelekea. Kaka aliweka kikombe chini. Bamdogo hakujibu. Alitazama kule bondeni, akauliza, "Alitumia kidole cha mwisho?"

"Ndiyo, bamdogo. Cha mwisho."

Kikao kikaishia hapo bila hukumu.

Mchana aliniambia twende tukaangalie maji, ilikuwa zamu yake. Tukakaa ukingoni. Akatoa ile senti mfukoni, akaiweka juu ya ngumi yake, akanyoosha mkono. Samaki akaanza kucheza. Haikuchukua hata sekunde tatu, ikaanguka majanini.

"Tangu Pasaka," akasema. "Kulia. Daktari wa Same anasema ni umri, nipunguze chumvi. Nami nikawa nasema nikiongeza mazoezi itatulia. Kutoka mara hamsini nilifika mia."

Sikujua niseme nini, nikamsimulia habari ya Károly Takács. Huyu alikuwa mwanajeshi wa Hungaria, bingwa wa bastola, ambaye mwaka 1938 guruneti lilimlipukia kwenye mkono wa kulia, mkono anaolengea. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, kimyakimya, wenzake hawajui, akarudi kwenye mashindano mwaka uliofuata. Halafu akachukua dhahabu ya Olimpiki London 1948 na nyingine Helsinki 1952. Bamdogo alisikiliza kama mtoto.

"Alipoumia alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na minane."

"Mimi nina sitini na saba." Akaokota senti, akaijaribu mkono wa kushoto, na kwa kweli ilikaa kidogo zaidi. Akacheka. "Mama yako mdogo asijue."

Alijua jioni ileile, kwa sababu bamdogo mwenyewe alimwonyesha.

Nilipoondoka Vudee hakuna aliyekuwa ameamua kwa sauti. Lakini mtoto alikuwa anapelekwa kulala saa mbili, na mambo ya mezani yalikuwa yamepungua mpaka kwenye kuhesabu tu: kisanduku kinakuja, mamdogo anahesabu kumi na mbili, kinarudi, na bastola haitoki chumbani. Tangu Februari bamdogo anaandika barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya kwamba anataka kuirudisha. Ananisomea vipande kwa simu. Anataka namba ya silaha iandikwe mbele yake kwa wino, anataka stakabadhi yenye muhuri, na anataka risasi zote kumi na mbili zihesabiwe kwa sauti, mamdogo akiwepo. Nimemwambia barua ya aina hiyo huwa aya moja. Yake imefika ukurasa wa tatu. Wiki iliyopita alikwama kwenye neno. Wote aliowauliza wanasema silaha ikirudishwa polisi inaitwa kusalimisha, na yeye hataki kuandika kwamba anasalimisha, kwa kuwa hakuna aliyemshinda. Anataka kuandika kukabidhi. Anauliza kama kisheria ni kitu kimoja. Nimemwambia nitamuulizia mwanasheria, na kama yuko mmoja anayesoma hapa, tafadhali anisaidie, mzee anasubiri.